Tusi la Bombani

Vyoo vya Newala navijua kuliko njia ya kwetu.
Cha sokoni komeo bovu, ukilishika linabaki mkononi.
Cha stendi mia mbili, na mwenye zamu hakopeshi
hata akuone umejikunja kama jani kavu la mgomba.
Miaka sita nilipima safari kwa vyoo,
si kwa kilomita.

Kwanza waliniambia amiba.
Nikameza vidonge mpaka mate yakawa na ladha ya shaba.
Kisha taifodi. Kisha amiba tena.
Wifi akasema huyu katupiwa,
akaleta mizizi, nikanywa na hiyo.
Damu ikatoka vilevile, damu na ute,
nami nikawa mtu wa kufua usiku
ili kamba ya nguo isinisengenye asubuhi.

Daktari Chilumba, kule Mtwara, ndiye aliyeupa ugonjwa jina:
vidonda vya utumbo mpana.
Akachora utumbo juu ya bahasha ya eksirei.
"Unalima korosho?"
Nalima.
"Ukipuliza dawa ya wadudu ovyo, nani hufa kwanza?"
Majimoto, nikasema,
wale chungu wekundu wanaoulinda mkorosho.
Wakifa hao, mbu wa mikorosho wanajaa, machipukizi yanakauka.
"Na baba yako alifanyaje?"

Nikamkumbuka baba juu ya ngazi,
kiota cha majani kwenye gunia, mikono imevimba kwa kuumwa,
anahamisha majimoto ya mti mzima
kuyapeleka kwenye mti uliobaki uchi.
Kamba toka tawi hadi tawi, wapite.

"Basi," akasema, "ndivyo tutakavyojaribu.
Tumboni kwako wamekufa walinzi.
Tutaazima kwa mwenye nao. Siahidi kitu."
Wanaazimwaje?
Akaniambia.
Nikaangalia dirishani muda mrefu.

Wakapimwa ndugu. Mdogo wangu, minyoo.
Kaka, homa ya ini, naye hakuwa akijua.
Binti yangu alikuwa kwenye dozi.
Akabaki Siwema,
mke mwenzangu wa Kitangari,
ambaye jiwe akilila linasagika.

Sasa nieleze ya bombani.
Mwaka ule wa ukame, foleni toka alfajiri,
Siwema alisogeza ndoo yangu kwa mguu.
Nikamwambia mbele za watu: kale mavi.
Hakugeuka hata.
Akasema, "Nitakubakishia."

Miaka minne hatukusalimiana.
Kisha akaja Mtwara, akafikia kwa shangazi yake Chuno,
akatoa damu, akatoa choo, akajibu maswali
ambayo hata mume wetu hajawahi kumuuliza.
Na siku yenyewe, nimelalia ubavu wa kushoto,
mpira umeshaingia kwa njia ya chini
(msitapike, mdomoni hakikupita kitu),
akachungulia mlangoni:
"Si nilikwambia?"
Nesi hakuelewa kwa nini mgonjwa anacheka
na mpira unamtoka.

Mara tano alikuja. Nauli alijilipia,
ya mara ya tano tu ndiyo aliyoidai.

Sisemi nimepona. Daktari mwenyewe hasemi.
Mzee wa Tandahimba tuliyeanza naye
hakuna kilichomshika; alirudi kwao na dawa zake za zamani.
Mimi nina mwezi wa nane bila damu,
isipokuwa siku mbili za Mfungo Mosi.
Nimekula ming'oko, sahani nzima, na chumvi,
nikakaa nikisubiri adhabu.
Haikuja.
Nimelala usiku mzima kama mtoto, kama gogo,
nikaamka nikaogopa kwa sababu kumekucha.

Siwema hukaa kimya, kisha ananitupia jicho la tumbo:
"Wanangu humo hawajambo?"
Hawajambo.
"Wape mbaazi, usiwape soda."

Juzi tumegombana tena, habari ya mpaka wa shamba.
Alinisema mpaka mama yangu kaburini.
Tusi likapanda, lile lile, likafika kwenye meno,
naye akaliona, akainamisha kichwa akilingoja.
Nikalimeza.